FEDHA YA MSAFIRI ISIWE NA MLANGO MMOJA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mpanda)



Halmashauri yetu imeniomba niseme maneno machache juu ya fedha ya mtu anayesafiri nje ya nchi. Huenda mtu akauliza, habari hii yawafaa nini makarani wa Mpanda, ambao wengi wetu safari yetu ndefu ni ile ya gari moshi kwenda Tabora? Jibu langu ni kwamba mambo yamegeuka. Mtumishi wa leo huitwa kwenye mafunzo Nairobi au Kampala. Huvuka ziwa kutoka Karema kwenda Kalemie kwa sababu ana jamaa upande wa pili. Humsindikiza mgonjwa Bara Hindi. Humpeleka mzazi wake Maka kuhiji. Tena mkoa wetu umepakana na ziwa linalogawanywa na nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa watu wa Katavi, basi, ng'ambo si nchi ya mbali. Ni ng'ambo ya maji tu.

Nataka kusema jambo moja, na mengine yote yatalifuata. Mtu aliye safarini haadhiriki siku zote kwa kuwa hana fedha. Mara nyingi anazo, ila hawezi kuzifikia. Fedha zake zimo katika benki hapa Mpanda, naye amesimama mbele ya dirisha la malipo la hospitali katika mji wa kigeni, na ule mlango mmoja aliokuwa akiutegemea umefungwa. Kwa hiyo nasema: fedha ya msafiri isiwe na mlango mmoja.

Shida hii ni ya zamani katika nchi hii. Wazee wetu waliokwenda na misafara walijua kwamba mali ya huku huenda isiwe mali ya kule. Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha kumtafuta Dk. Livingstone, alikaa Unguja akiwauliza wafanya biashara ni nguo gani na shanga gani zinazopokewa katika kila nchi atakayopita. Maana huku walitaka merikani, kule wakataka kaniki, na shanga za rangi iliyopendwa na watu hawa zilikataliwa na jirani zao. Baadaye msafara wake ulizunguka upande wa kusini kwa kuikwepa vita ya Mirambo, ukapita katika nchi ya Wakonongo, ambayo leo imo katika mkoa wetu, hata ukafika Ujiji. Shanga zisizotakiwa zilikuwa mzigo mtupu kichwani mwa mpagazi. Sisi leo hatuchukui shanga, lakini noti ya shilingi elfu kumi katika soko la mji wa mbali ni sawa na shanga ya rangi isiyotakiwa.

Kulikuwa na miaka ambayo shida hiyo ilipungua. Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London, ilitoa shilingi moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia mwaka 1921, na Unguja ikaingia mwaka 1936. Karani aliyetoka Tabora kwenda Nairobi au Kampala hakuwa na haja ya kubadili hata senti moja. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na kutoa shilingi yetu wenyewe, na Kenya na Uganda nao wakatoa zao. Mnamo Novemba 2013 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia sahihi huko Kampala mapatano ya kuwa na fedha moja, na mwaka uliotazamiwa ulikuwa 2024. Mwaka huo umepita, na fedha hiyo haikutolewa. Kwa hiyo kila avukaye mpaka hana budi kubadili.

Wala karani kwenda ng'ambo si jambo jipya. Martin Kayamba, aliyekiongoza chama cha watumishi Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Wao walitumwa kwa shughuli ya nchi. Lakini wengi wetu leo huenda kwa shughuli zetu wenyewe. Na hata yule aendaye kwa kazi ya Serikali, akiwa na kibali na masurufu mkononi, aghalabu huenda peke yake, wala hakuna afisa wa kumpokea gatini. Mwenye kumwangalia ni yeye mwenyewe.

Sasa nitaitazama milango ya fedha mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni fedha taslimu. Huu ndio wa zamani kuliko yote, na haufai kudharauliwa, maana umeme ukikatika na mtandao ukilala, noti bado hununua chakula. Lakini noti zina desturi zake. Huko Kongo faranga ilirudishwa mwaka 1998 mahali pa zaire iliyokuwa imeporomoka, kwa hesabu ya faranga 1 kwa zaire mpya 100,000. Na watu waliozoea kuona fedha ya nchi yao ikiyeyuka wameshika dola ya Marekani sokoni na madukani. Dola hiyo wanaichunguza kama tabibu achunguzavyo jicho: ikiwa imechanika kidogo tu, au imeandikwa kwa wino, hukataliwa. Basi mwenye kuvuka na achague noti safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, na zisiwe za matoleo ya kale. Na awe na ndogo ndogo pamoja na kubwa, kwa kuwa kupata chenji ya noti ya dola 100 kijijini ni kazi ya mchana kutwa.

Tena noti hufa. Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha yake tarehe 1 Januari 2013. Kenya iliondoa noti zake za zamani za shilingi 1,000, nazo zilikoma kuwa fedha halali tarehe 1 Oktoba 2019. Burundi, mwezi wa Juni 2023, ilitangaza kuziondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, na watu wakapewa siku kumi tu kuzirudisha. Hata sisi, kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, tuliagizwa kuzibadilisha noti zetu za matoleo ya mwaka 1985 hata 2003. Fundisho lake ni jepesi. Usiweke masalio ya faranga au kwacha sandukuni ukisema, "Yatanifaa safari ijayo." Ukirudi, yapeleke kwenye benki au duka lenye leseni, uyageuze kuwa shilingi. Kadhalika usirudi na dola ukitaka kulipia kodi ya nyumba hapa nchini, maana Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Juu ya kubadili fedha, najua kishawishi kilichoko mipakani. Yuko kijana mwenye mabunda mikononi ambaye bei yake ni nzuri kuliko ya benki. Na huko Burundi tofauti ya bei ya benki na bei ya njiani imekuwa kubwa sana katika miaka hii. Lakini kijana huyo hatoi stakabadhi. Akikupa noti ya bandia, au noti iliyokwisha kuondolewa, huna pa kumshitaki, kwa kuwa wewe mwenyewe uliiacha njia ya sheria. Mgeni ni kuku mweupe. Aonekana toka mbali. Na mtumishi aliyechukua masurufu atatakiwa kutoa hesabu akirudi: bila stakabadhi ya kubadilishia, hesabu yake itasimama juu ya mguu mmoja.

Iko sheria nyingine. Mtu atokaye au aingiaye nchini na fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola 10,000 za Marekani, au kupita, apaswa kutoa taarifa kwa maofisa wa forodha. Mtasema, nani kati yetu atashika dola 10,000? Huenda hakuna. Lakini wengi tumepata kuombwa, "Ndugu yangu, nichukulie bahasha hii, mtu wangu atakupokea." Mkononi mwako bahasha hiyo ni mali yako mbele ya ofisa wa forodha. Usiichukue fedha ambayo hukuihesabu na hujui itokako.

Mlango wa pili ni kadi ya benki. Kadi ni chombo kizuri, lakini wengi hudhani kwamba kadi inayotoa fedha Mpanda itatoa fedha mahali po pote. Sivyo. Kadi isiyo na alama ya Visa au Mastercard, au ya mtandao mwingine wa kimataifa, huishia nchini. Na iliyo nayo pia huenda imefungwa isitumike nje mpaka mwenyewe aseme. Benki hufanya hivyo kwa kuwalinda wateja na wezi. Basi majuma mawili kabla ya safari nenda kwenye tawi lako, useme unakwenda nchi gani na kwa siku ngapi, uulize mambo manne: je, kadi yangu itafanya kazi huko? Kiasi gani chaweza kutolewa kwa siku? Ada ni ngapi kila nikitoa? Na nikiipoteza, nipige simu gani? Iandike namba hiyo kwenye karatasi, kamili pamoja na 255 mbele yake, kwa sababu namba za kupiga bure aghalabu hazipatikani kutoka nje.

Kila utoapo fedha ugenini, benki yako hukata ada, na mwenye mashine naye huenda akakata ya kwake. Kwa hiyo kutoa kidogo kidogo mara nyingi ni kulisha mchwa. Tena mashine nyingine itakuuliza kama unataka hesabu ifanywe kwa fedha ya kwenu au kwa fedha ya nchi uliyomo. Chagua fedha ya nchi uliyomo. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye atakayepanga bei ya kubadilishia, naye hataipanga kwa faida yako.

Mlango wa tatu ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, na kufika kwetu mwaka 2008, simu imekuwa benki ya mtu wa kawaida. Twaweza leo kupeleka fedha kwa simu hata nchi jirani kama Kenya. Lakini hapa nataka tusikilizane sana. Mtumishi wa siku hizi husema, "Mimi nina milango mitatu: nina fedha kwenye simu, nina benki kwenye simu, na benki hunipelekea namba za uthibitisho kwa simu." Mabwana, huo ni mlango mmoja wenye rangi tatu. Simu ikiibiwa katika kituo cha mabasi, yote matatu yameondoka pamoja. Na kwa kuwa laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kuirudisha laini iliyopotea kwataka mwenyewe asimame mbele ya wakala hapa nchini na kuweka kidole. Aliye Lusaka hana kidole Mpanda.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka hakikisha kwamba laini yako itapokea ujumbe huko uendako, na uishike kama ushikavyo hati ya kusafiria. Zaidi ya hayo, mlango wako wa pili usipitie katika simu hiyo. Kadi na ikae mahali pengine, siyo ndani ya mkoba wa simu, kama vijana wafanyavyo. Na noti zigawanywe, nyingine mwilini, nyingine mzigoni.

Mlango wa nne ni hawala, yaani kupelekewa fedha kutoka nyumbani. Western Union ilianza kupeleka fedha kwa simu ya waya huko Marekani mwaka 1871, mwaka ule ule wa safari ya Stanley, na njia hii ingali inafaa. Faida yake ni kwamba apokeaye hahitaji kadi wala simu yake mwenyewe. Ahitaji hati yake ya kusafiria na ile namba ya hawala. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa hati yake bado aweza kusaidiwa kwa mlango huu.

Lakini hapa ndipo sisi makarani tunapokwazwa na kalamu zetu wenyewe. Mtu mmoja huitwa Yohana katika cheti cha ubatizo, John katika hati ya kusafiria, na katika daftari la mishahara jina la babu yake limewekwa mbele. Karani wa dirisha la hawala hatambui ubatizo, atambua herufi. Jina la hawala lisipolingana na jina la hati, fedha haitoki. Sisi tunaoandika majina ya watu kila siku tusione haya kuyaangalia ya kwetu: jina la kitambulisho cha Taifa, la hati ya kusafiria na la benki yawe sawa sawa, herufi kwa herufi, nasi tuyarekebishe sasa, siyo siku ya kuondoka.

Bwana Mwenyekiti, sasa nafikia neno zito, na naomba nisisikiwe vibaya. Nimesema juu ya kadi kana kwamba kila mmoja wetu anayo mfukoni. Sote twajua kwamba si hivyo. Ziko kadi za watumishi zilizomo katika makabati ya wakopeshaji, pamoja na namba zake za siri. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye atanguliaye kwenye mashine. Hukata chake na riba yake, na mwenye jasho hupewa masalio. Sisemi haya kwa kumhukumu mtu. Mtoto akirudishwa shule, au maiti ikingojea kusafirishwa, mtu huchukua mkopo ulio karibu. Lakini tuangalie lililotendeka: mtu huyo hakuweka rehani kitu, bali ameweka rehani mlango wake, na funguo amempa mtu baki.

Tumfikirie mtumishi wa namna hiyo. Mkewe augua, na daktari aandika kwamba atibiwe nje ya nchi. Ndugu wamechanga, nauli imepatikana, mshahara wa mwezi ule utaingia wakiwa huko. Lakini kadi iko kabatini kwa mkopeshaji. Mshahara ukiingia, yeye yuko mbali siku nyingi, na aliye karibu na mashine ni yule mwingine. Hapo hapana kanuni ya benki itakayomwokoa, maana sharti la benki zote ni kwamba mteja asimpe mtu ye yote namba yake ya siri. Naye ameitoa kwa hiari yake. Hana la kudai.

Kwa hiyo natoa shauri mbele ya mkutano huu. Chama chetu huchangia misiba, na ni vema. Lakini mtu hai aliyefungwa naye anastahili kusaidiwa kabla hajawa maiti. Naomba halmashauri ifikiri kama sehemu ya mfuko wetu yaweza kukopeshwa, kwa riba ndogo au bila riba, kwa mwanachama atakaye kuikomboa kadi yake, akarudisha kidogo kidogo kila mwezi. Masharti mawili yangetosha: kwanza, aende benki siku ile ile abadilishe namba ya siri, pili, chama chenyewe kisishike kadi ya mtu, maana tukifanya hivyo tutakuwa wakopeshaji wa jina jingine.

Mtauliza, je, msafiri asimwachie mtu kitu cho chote nyumbani? La, amwachie, lakini tutofautishe. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ilitoa hundi za wasafiri zilizotaka sahihi mbili za mtu yule yule: moja mbele ya aliyemwuzia, ya pili mbele ya aliyemlipa. Mwizi aliyeiba karatasi hakuwa ameiba mkono. Hundi hizo leo ni adimu, na benki nyingi hazizipokei tena, lakini hekima yake haijachakaa: mtu mmoja asishike vyote viwili, chombo na siri yake. Basi mwachie mke wako, au mumeo, au ndugu unayemwamini, fedha kiasi katika akaunti yake mwenyewe, apate kukupelekea hawala ukiwa taabuni. Mwachie karatasi yenye jina lako kama lilivyo katika hati, jina la benki yako, na namba za kupiga. Usimwachie namba ya siri. Mkipatana neno moja la kutambuana, itakuwa bora zaidi, maana wako matapeli waandikao ujumbe wakisema, "Ni mimi, nimeibiwa, nitumie fedha kwa namba hii." Ajibu kwanza kwa kuuliza neno hilo.

Nakusanya sasa niliyoyasema. Kwanza, mwenye kusafiri awe na milango isiyopungua miwili isiyotegemeana. Pili, noti ziwe safi, zigawanywe, zibadilishwe penye stakabadhi, na masalio yasilale sandukuni. Tatu, benki iarifiwe mapema, na namba zake ziandikwe katika karatasi. Nne, jina liwe moja katika hati zote. Tano, kadi ya mtumishi ikae kwa mtumishi.

Hili la tano ndilo ninalowaachia mkutano, kwa sababu manne ya kwanza kila mtu aweza kuyatenda peke yake, lakini hili wengi hawataliweza bila msaada wa wenzao. Mkono mmoja haulei mwana. Naomba lisiishie katika makofi, bali liandikwe katika daftari la mkutano, lijadiliwe, na lipewe jibu.